Mkataba wa 1921: Collins au de Valera?
Mkataba kati ya Uingereza na wajumbe wa Ireland, uliotiwa saini London tarehe 6 Desemba 1921, bado huwagawa wasomaji wa historia ya Ireland, kama ulivyoligawa bunge la Dáil, lililouidhinisha kwa kura 64 dhidi ya 57. Kwa upande wa mamlaka, Éamon de Valera, kiongozi wa Ireland aliyeupinga mkataba, alikuwa na hoja nzito, kwa kuwa wabunge walitakiwa kuapa kuwa waaminifu kwa mfalme wa Uingereza. Michael Collins, mmoja wa wajumbe waliousaini, aliuona mkataba kuwa ngazi ya kupandia kwenye uhuru kamili, na kweli jamhuri ilianza rasmi mwaka 1949, ingawa aliyekiondoa kiapo hicho mwaka 1933 alikuwa de Valera mwenyewe. Kuhusu gharama, kuukataa kulihatarisha vita vipya na Uingereza, na kuukubali kulileta vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambamo Collins aliuawa Agosti 1922. Kuhusu mgawanyiko wa kisiwa, sioni mshindi: kaunti sita za kaskazini zilikuwa zimekwisha kutengwa na Ireland nyingine kwa sheria ya Uingereza ya 1920, na pendekezo mbadala la de Valera halikuwa na dawa yake. Anayethamini hatua za polepole atamwelekea Collins. Anayeona kiapo kuwa suala la dhamira atamwelewa de Valera. Mkatoliki wa Derry, mji uliobaki katika kaunti hizo sita, huenda asiridhike na yeyote.