Katiba mbili za Tunisia: ya 2014 na ya 2022
Ya 2014 ilichukua Bunge la Katiba zaidi ya miaka miwili, chama cha Kiislamu cha Ennahda na wapinzani wake wakivutana, hadi wabunge 200 kati ya 217 wakaiunga mkono. Rais na waziri mkuu waligawana madaraka. Dosari yake kubwa: Mahakama ya Katiba haikuundwa kamwe, kwa hiyo wakubwa walipogombana hapakuwa na mwamuzi.

Ya 2022 ni ya Rais Kais Saied. Hata Sadok Belaid, aliyeongoza kamati ya rasimu, aliikana hadharani! Kwenye kura ya maoni walijitokeza takriban asilimia 30 tu. Serikali sasa inawajibika kwa rais, na kifungu cha 5 kinaipa dola peke yake kazi ya kutimiza malengo ya Uislamu. Mimi ningechukua ya kwanza, pamoja na mivutano yake yote.