Pete za darubini: alumini juu ya reli ya chuma, na nilichojifunza kwa hewa ya chumvi

Nakaa Galveston, kisiwa cha Texas ambako upepo wa bahari unaingia mpaka gereji. Bunduki yangu ni Remington 700 inayopiga risasi za .308 Winchester, nawindia nguruwe pori kwenye shamba la rafiki, mwendo wa saa mbili kwa gari kuelekea bara. Nguruwe hao wanafukua mazao usiku kucha, na tangu 2019 Texas haidai leseni ya uwindaji kwa anayewawinda kwenye ardhi ya mtu binafsi, mradi mwenye ardhi ameruhusu. Kwa hiyo bunduki inatoka kila mara, na inarudi na umande na jasho.

Majina ya viwanda siyataji, kwa sababu ninachokipima hapa ni metali yenyewe. Nimetumia seti mbili za pete kushikia darubini moja ya kulengea juu ya reli moja ya chuma iliyofungwa mgongoni mwa bunduki. Za kwanza nazipa nyota mbili. Za pili, nne na nusu.

Za kwanza zilikuwa za alumini, nyepesi, nyeusi tii, bei poa. Reli ni ya Picatinny, ile yenye meno, ambayo jeshi la Marekani liliiwekea kipimo rasmi mwaka 1995. Kwa kuwa kipimo ni kimoja, pete ya metali yoyote inakaa juu ya reli ya metali yoyote. Ndipo tunapojisahau: tukiona imekaa vizuri, tunadhani basi zimepatana.

Miezi ya mwanzo sikuwa na neno. Darubini nilikuwa naivua kila nikisafiri na kuirudisha nikifika. Mwezi wa nane hivi risasi zikaanza kuhama. Kwa yadi 100, bunduki iliyokuwa inapiga katikati ikawa inapiga sentimita nane kushoto. Kesho yake nne. Nikailaumu darubini, nikazilaumu risasi, nikajilaumu mwenyewe.

Nikatoa risasi zote, nikachomoa bolti, kile kipande kinachosukuma na kufungia risasi, nikaiweka bunduki mezani chini ya taa. Pale taya la pete linapobana reli palikuwa na ungaunga mweupe, kama chumvi iliyokaukia kwenye ubao wa ngalawa. Nikaufuta kwa kitambaa. Chini yake ile rangi nyeusi ilikuwa imekwanguka, alumini inang'aa, na imeliwa vishimo vidogo vidogo unavyovihisi kwa ukucha. Reli ya chuma haikuwa na hata alama. Skrubu moja ikagoma kabisa. Uzi wake ulikuwa umejaa unga uleule. Fundi wa bunduki aliitoa kwa kuitoboa.

Nilipoona vile vishimo nikamkumbuka baba, Tanga. Injini ya boti yake ina kipande cha zinki kilichofungwa chini, na kila baada ya muda anakibadilisha kikiwa kimeliwa kama muwa. Nikiwa mtoto aliniambia zinki inaliwa ili injini isiliwe. Metali mbili tofauti zikigusana na katikati kukawa na maji ya chumvi, ni betri: ile dhaifu inaliwa, yenye nguvu inasalimika. Alumini mbele ya chuma ndiyo dhaifu. Tena kipande cha alumini kikiwa kidogo na chuma kikiwa kikubwa, kuliwa kunakwenda mbio zaidi. Taya langu dogo la alumini juu ya reli ndefu ya chuma lilikuwa zinki ya baba, na mimi ndiye niliyeliweka pale.

Alumini ya pete ina ganda gumu la oksidi linaloikinga, na likibaki zima hakuna shida. Mimi nililikwangua kwa kuvua na kurudisha, pale pale panapopokea mshtuko wa kila risasi.

Fundi akanipa hoja ambayo sijaiona kwenye boksi lolote. Mwili wa bunduki hii ni chuma. Bomba la darubini, kama darubini nyingi za sasa, ni alumini. Kwa hiyo huwezi kukwepa chuma na alumini kukutana mahali fulani. Unachochagua ni mahali gani, na iwe ni mahali pasipochezewa.

Nikanunua pete za chuma. Sasa taya la chuma linabana reli ya chuma, na alumini inakutana na chuma ndani ya pete tu, kuzunguka bomba, sehemu pana, yenye ganda lake zima, ambayo siigusi kamwe. Ninapovua darubini navua pamoja na pete zake. Nimekaa nazo miezi kumi na minne. Kila nikirudisha, risasi ya kwanza inarudi ilipokuwa kwa tofauti isiyozidi upana wa kidole.

Nusu nyota nimekata kwa sababu ya uzito. Kwa ujazo uleule chuma ni karibu mara tatu ya alumini, na baada ya kutembea kutwa bega linajua. Na chuma nacho kinashika kutu, ile nyekundu. Usiku mmoja wa Julai niliiweka bunduki bila kuifuta. Asubuhi nikakuta doa la kahawia mahali kidole gumba changu kilipokaa. Liliondoka kwa mafuta na kitambaa, lakini mvivu wa kupaka mafuta asinunue.

Jambo lingine la kuchunga ni mkono. Chuma hakikuhurumii, ukikaza kupita kiasi unaliminya bomba la darubini mpaka libonyee. Mimi nakaza skrubu za juu kwa pauni-inchi 17, kama newton-mita 1.9, kwa bisibisi yenye kipimo, na chini ya reli nimepaka mafuta membamba kabla ya kuifunga.

Wengine watauliza juu ya joto, kwamba alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Kweli. Lakini piga hesabu: joto likibadilika nyuzi 40 za Selsiasi, kwa kila milimita 100 tofauti kati ya alumini na chuma haifiki milimita 0.05, pungufu ya unene wa unywele. Kwa reli ndefu ya alumini juu ya mwili wa chuma ni jambo la kufikiria. Kwa pete fupi, chumvi ndiyo adui wangu mkubwa zaidi.

Kama wewe hauvui darubini kabisa, na unakaa mbali na bahari, alumini haina ubaya. Tafuta ile ambayo reli na nusu ya chini ya pete ni kipande kimoja, uipake mafuta chini, uifunge na uiache. Ila usibadilishe skrubu zake ukaweka za stenlesi, kile chuma kisichoshika kutu, kwa kudhani unaboresha. Stenlesi iko mbali zaidi na alumini kuliko chuma cha kawaida, na penye chumvi unga mweupe utauona kwenye nyuzi za skrubu.

Zile pete za kwanza bado ninazo kwenye droo. Rafiki akija kuniuliza anunue zipi, nampa moja apitishe ukucha kwenye taya.