TAHADHARI: Anayefunga kinga za trekta Karatu, Mbulu na Babati anatumia mabomba ya maji

Wakuu, naomba mnisome, hasa wenye Massey Ferguson 135 na matrekta mengine ya zamani yasiyo na kinga ya kupinduka, yaani fremu ya chuma inayomlinda dereva trekta likipinduka. Kuna mtu anapita mashambani kuanzia Karatu hadi upande wa Mbulu na Babati, anauza na kufunga fremu za kinga. Mimi alinifungia mwezi wa tatu, nikalipa shilingi 1,850,000. Nilichofungiwa ni mabomba ya maji yaliyokwisha kutumika, yamepakwa rangi nyekundu ya trekta. Angeniuzia betri mbovu ningeumia mfuko nikanyamaza. Hili siwezi kulinyamazia, kwa sababu mtoto wa dada yangu alikuwa akikaa chini ya fremu ile kila siku akiamini kwamba siku mbaya ikifika itamwokoa.

Shamba letu liko mteremkoni, na chini yake kuna korongo ambalo kila masika linamega upande wetu. Trekta nililinunua kwa mtu wa Arusha aliyeliagiza kutoka Uingereza. Ni la zamani, maana 135 zilitengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975, lakini injini yake ya Perkins ya pistoni tatu bado inawaka kwa mara moja asubuhi ya baridi. Nilipolinunua halikuwa na kitu chochote juu ya kiti. Kwenye nyumba za ekseli ya nyuma, yaani makasha ya chuma yanayoifunika, kulikuwa na alama za bolti, maana yake liliwahi kuwa na kibanda au fremu, na mtu akaivua kabla halijanifikia. Uingereza ilianza kulazimisha trekta jipya liuzwe na kinga mwaka 1970, na Sweden ilitangulia mwaka 1959, kwa hiyo wenzetu wamelijua jambo hili siku nyingi.

Mwaka jana trekta la jirani lilipinduka pembeni mwa korongo hilohilo. Dereva alivunjika nyonga, na hadi leo anatembelea fimbo. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kinga.

Jamaa alikuja mwenyewe baada ya kusikia naulizia. Alikuja amevaa ovaroli safi, na kwenye simu alikuwa na picha za matrekta aliyokwisha kuyafungia. Alinionyesha na nakala ya cheti cha Kiingereza chenye jina la OECD, shirika la kimataifa lenye taratibu za kupima kinga za matrekta, akasema fremu zake zimefaulu jaribio la Ulaya. Alitaka nusu ya fedha kabla ya kazi, kwa simu. Namba ilipotoa jina, halikuwa jina alilonipa. Akasema ni la mhasibu wake. Risiti ya EFD akaahidi kuileta siku ya kukabidhi, na mpaka leo sijaiona. Sasa najilaumu kwamba niliyaona yote hayo nikayaacha yapite, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kulima mvua hazijakolea.

Kazi ilichukua saa nne. Akachomelea nguzo mbili juu ya nyumba za ekseli, akaweka boriti juu, akafunga mkanda wa kiti, akabandika lebo ya bati inayosema kwa Kiingereza kwamba kinga imepitishwa. Akaniongezea na kile alichokiita sevisi kamili: oili, chujio, breki, grisi.

Wiki ya tano, mpwa wangu alikuwa anarudisha trekta nyuma kuingia ghalani, mwendo wa mtu kutembea. Nguzo ya kushoto ikagusa mti unaoshikilia paa. Mti haukutikisika. Nguzo ikajikunja kama bua la mhindi.

Nilimwita fundi wa kuchomelea wa mjini tukaikata. Unene wa bomba haufiki milimita tatu. Ndani kulikuwa na kutu na utando mweupe unaoachwa na maji ya chumvi. Kwenye pembe ya juu, chini ya rangi, alikuwa amejaza pati, ile dawa ya kuzibia mashimo kabla ya rangi. Tulipoikwangua tukakuta meno ya bomba na nusu ya soketi, kile kiungo cha kuungia mabomba ya maji. Hakujisumbua hata kuikata sehemu yenye meno. Mkanda ulikuwa mzuri, mpya kabisa, na hilo ndilo lililonitia baridi, nitaeleza kwa nini.

Kwanza mjue fremu ya kweli inavyofanya kazi, maana wizi huu unapita palepale tusipoelewa. Wengi tunadhani kinga ni kivuli kilichoimarishwa, na jamaa alinufaika na dhana hiyo. Kanopi ya jua ni kitu kingine kabisa. Kinga imetengenezwa ijikunje kwa kiasi, imeze nguvu ya trekta linapoanguka, lakini isijikunje hadi kuingia kwenye ile nafasi anayokaa dereva. Inapopimwa kwa taratibu za OECD inasukumwa kwa nyuma au mbele, inasukumwa kwa ubavu, na inagandamizwa kutoka juu. Mgandamizo wenyewe unahesabiwa niutoni 20 kwa kila kilo ya trekta, yaani nguvu ya karibu uzito wa kilo mbili. Trekta kama langu lina karibu tani moja na nusu, kwa hiyo fremu inatakiwa ibebe kama tani tatu juu yake na dereva abaki na nafasi yake. Hebu linganisha na bomba lililoshindwa na mti wa ghala.

Sasa mkanda. Kwenye fremu ya kweli mkanda unakuweka ndani ya ile nafasi salama, usirushwe ukaangukia mahali ambapo trekta linakuja. Kwenye trekta lisilo na fremu haufungwi mkanda, kwa sababu unakuwa umejifunga kwenye kitu kitakachokulalia. Na mwenye fremu ya bandia yuko palepale pa yule asiye na fremu, ila yeye amejifunga, tena kwa moyo mweupe. Mpwa wangu alikuwa anaufunga kila asubuhi kwa sababu mimi ndiye niliyemwamuru.

Tena fremu yenyewe ilikuwa fupi. Dereva akikaa, boriti ya juu inafika usawa wa masikio. Nilipouliza, jamaa alisema ameifupisha ili ipite ghalani, na mimi nikamshukuru! Fremu ambayo kichwa kinaipita haina kazi, hata ingekuwa ya chuma kinene namna gani.

Madhara hayakuishia juu. Nyumba ya ekseli ya 135 ni ya kasti, chuma cha kumiminwa. Kasti haichomelewi hivihivi kama bomba la geti. Joto la ghafla likipoa linaacha ufa. Langu limepata ufa wa kidole kimoja pembeni mwa kulehemu. Pia joto liliharibu oili sili ya ndani, ile pete inayozuia oili isivuje, oili ya ekseli ikaanza kutambaa hadi kwenye dramu ya breki upande wa kushoto, na lainingi, yaani vipande vinavyosugua dramu, zikalowa. Wenye 135 mnajua breki zake ziko kule mwishoni mwa ekseli karibu na gurudumu. Kwa hiyo trekta lililotoka kufanyiwa "sevisi kamili" lilikuwa linashika breki upande mmoja tu. Mteremkoni, ukiwa na tela la mahindi, breki ya upande mmoja inakugeuza ubavu kabla hujajua kimetokea nini.

Tulipoanza kufungua hiyo sevisi tukakuta chujio la oili ni lile la zamani, limepakwa rangi. Bakuli la chujio la hewa lilikuwa na tope badala ya oili. Ile lachi ndogo ya kuunganisha pedali mbili za breki haipo, na yeye aliniambia breki ameziangalia. Watu wengi hawaijali lachi ile. Unapolima unaiachia ili ukate kona kwa gurudumu moja, sawa, lakini ukiingia barabarani au ukivuta tela lazima pedali zifungwe pamoja, la sivyo mguu ukigusa moja tu trekta linalala ubavu.

Baada ya kuuliza huku na huku nimekuta wenzangu wanne, na mbinu si moja. Wawili walifungiwa mabomba kama mimi. Mmoja wa Mang'ola, anayelima vitunguu kando ya mifereji, aliuziwa fremu halisi kabisa ya kiwandani, lakini ya trekta jingine kubwa. Ilikatwa miguu na kuchomelewa vibao ili ikae kwenye trekta lake. Hiyo nayo ni bandia, hata kama chuma chake ni kizuri. Kipimo kilipita kwa fremu hiyo ikiwa imekaa kwenye trekta lile, kwa bolti zile. Ukishaikata, ukaichomelea au ukaitoboa, hata kama ni kwa ajili ya kuning'iniza taa, kile cheti hakiihusu tena. Wa nne aliuziwa fremu iliyowahi kupinduka ikanyooshwa. Fremu iliyojikunja imekwisha kazi yake, hainyooshwi.

Kuhusu cheti, nilikuja kukisoma vizuri kwa msaada wa mwalimu mmoja. Kinataja aina ya trekta ambayo si 135 wala si Massey kabisa. Amekipiga picha mahali na anakitembeza kwa kila mteja.

Kwa hiyo mtu akija, usianze na bei. Mwambie akuonyeshe lebo ya fremu yenyewe, iwe na jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya fremu, aina za matrekta inayokaa, na kiwango ilichopimiwa. Lebo yangu haikuwa na hata kimoja. Uliza inafungwa vipi. Akikwambia anachomelea kwenye ekseli, mshukuru umsindikize hadi getini. Fremu inafungwa kwa bolti kwenye sehemu zilizokusudiwa, na vichwa vya bolti hizo vina namba ya uimara, 8.8 au 10.9 kwa kawaida, kufuatana na maelekezo ya mtengenezaji. Bolti ya kichwa kitupu hujui imetoka wapi. Mwambie dereva wako akae kitini uone kichwa kinaishia wapi. Na ukitaka mtu wa tatu, CAMARTEC pale Arusha kazi yao ni zana za kilimo, wapelekee picha za lebo kabla hujatoa shilingi.

Najua swali litakalofuata: fremu halisi ni ghali na kuiagiza ni safari, je, tukae tu? Hapana. Trekta langu sasa halina fremu na nimevua mkanda, na tunafanya kazi kwa masharti. Ukingo wa korongo hatuusogelei. Nimeacha mita kadhaa za nyasi bila kulima, na hasara hiyo naikubali. Tela halipandi mteremko limejaa. Hakuna abiria kwenye madigadi. Na jambo linaloua watu kwa haraka kuliko yote: tukikwama, mnyororo unafungwa kwenye drobaa ya chini tu, kile chuma cha nyuma cha kuvutia tela. Ukiufunga juu kwenye ekseli au kwenye tundu la toplinki, ule mkono wa juu wa kushikia jembe, magurudumu yakigoma kuzunguka trekta linajizungusha lenyewe, pua inainuka na kukulalia chali. Halichukui hata sekunde mbili, na katikati ya muda huo umeshapita mahali ambapo kukanyaga klachi kungekusaidia.

Taarifa nimeshaiandikisha polisi, nikiwa na vipande vya bomba, lebo na ujumbe wa muamala wa fedha. Jina alilonipa siliandiki hapa kwa sababu nina hakika si lake. Kama umefungiwa fremu tangu mwanzo wa mwaka huu katika maeneo niliyotaja, leo kabla trekta halijatoka kwangua rangi kwenye pembe ya juu kwa kisu. Ukikuta pati, mwambie dereva afungue mkanda, halafu weka picha ya lebo hapa chini tulinganishe. Yangu ina herufi zilizogongwa kwa mkono, na ya mwisho imekaa upande.