Need for Speed ipi ununue? Tazama mwaka, jina litakupoteza

Mdogo wangu alinunua Most Wanted, mojawapo ya gemu za mbio za magari za Need for Speed, ya Xbox 360, kwenye duka moja la mitumba Kariakoo. Tumefika nyumbani, diski imeingia, anamtafuta Razor, adui mkuu wa gemu hiyo. Razor hayupo. Ile BMW M3 GTR unayonyang'anywa mwanzoni kabisa, hakuna. Wababe 15 wa kuwapiga mmoja mmoja mpaka juu, nao hakuna. Kumbe kabeba ya 2012, sisi tulikuwa tunaitaka ya 2005. Jina lilelile, na zote mbili zilitengenezewa Xbox 360.

Mtego huo upo kwa sababu Need for Speed yenyewe imesahau ni nani. Ilianza 1994 kwenye mashine ya 3DO, ikiwa gemu ya magari ya kitajiri kwenye barabara za wazi. Mwaka 2003 ikaja Underground, ikawa ya usiku, taa za neoni, spoila na bampa za kubadilisha. Mwaka 2007 ProStreet ikawafukuza polisi wote na kuhamia kwenye viwanja halali vya mashindano. Shift ya 2009 ikataka kuwa gemu ya udereva wa kweli, ya kukaa ndani ya kokpiti. Na kila watengenezaji wanapokwama wanafukua jina la zamani: Hot Pursuit ipo ya 1998 na ya 2010, Most Wanted kama ulivyoona, halafu 2015 wakatoa nyingine wakaiita Need for Speed tu, basi.

Sasa tuje kwenye hela yako.

Namba moja: Heat (2019). Hii ndiyo ningemnunulia mtu leo bila kumuuliza maswali mengi, awe na PS4, Xbox One au kompyuta. Mji wake, Palm City, umeigwa Miami. Mchana unashindana kihalali na kupata hela. Usiku unatafuta sifa, na polisi wanakutafuta wewe. Utamu wake uko hapo: kila ukishinda mbio za usiku, msako unapanda na sifa zinazidishwa, lakini hizo zilizozidishwa hazijawa zako mpaka ufike maficho. Gari likipondwa unapita kituo cha mafuta linatengemaa, ila ni mara tatu tu kwa usiku mmoja. Ukishazimaliza zote tatu na bado una gari la polisi ubavuni, mikono inatoa jasho kwenye pedi. Nimepoteza sifa zilizozidishwa za usiku mzima nikiwa naliona geti la maficho. Kupamba gari ni kwa kina kama enzi za Underground, na ukiwa peke yako unacheza bila intaneti. Bei yake mtandaoni hushuka sana wakati wa punguzo, kwa hiyo usiinunue kwa bei kamili. Kasoro moja itakuuma ukiwa mtu wa huku kwetu: haina Toyota hata moja.

Namba mbili: Hot Pursuit Remastered (2020). Ni ile ya 2010 ya studio ya Criterion iliyosafishwa picha, na inapatikana hadi kwenye Nintendo Switch. Hakuna kupamba gari kwa kina, hakuna hadithi. Unachagua kuwa mhalifu au polisi, na ukiwa polisi unamwaga miba barabarani na kuita helikopta. Mbio moja ni dakika chache, inamfaa mwenye kazi na watoto.

Namba tatu: Most Wanted (2005). Kwa utamu ni ya kwanza, sibishani na mtu. Nimeishusha kwa sababu kuipata ni shughuli. Mtandaoni haiuzwi, unategemea diski ya mtumba. Ukiwa na PS2, chukua ukiwa na amani, maana ile ya 2012 haikutoka PS2. Kwenye PS3 ni kinyume chake: diski yoyote utakayoonyeshwa ni ya 2012. Xbox 360 ndiko kwenye balaa, geuza kasha usome mwaka kabla hujatoa hela. Diski ya kompyuta iache, nyingi za enzi hizo zina ulinzi wa kuzuia kunakiliwa ambao Windows 10 inaukataa.

Namba nne: Unbound (2022). Inataka PS5, Xbox Series au kompyuta yenye nguvu. Gari linatoa moshi wa katuni na mabawa ya kuchorwa, wengine wanapenda, mimi nilizoea baada ya siku tatu. Ni ngumu kidogo: nafasi za kurudia mbio zinahesabiwa, na ukikamatwa hela uliyoshinda inakwenda.

Zilizobaki sitazipanga. Ile ya 2015 ina picha nzuri kuliko nyingi, lakini haichezeki bila intaneti hata ukiwa peke yako, na kwa sababu hiyo haina kitufe cha kuisimamisha. Mtu akigonga mlango, mbio zinaendelea bila wewe. Kwa anayeishi kwa bando, hapana. Payback ya 2017 inakufanya uboreshe injini kwa kadi za kubahatisha kama mashine ya kamari. Carbon, Undercover, Shift zote mbili na The Run ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni 2021, kwa hiyo ukiambiwa ipo, omba uione diski inawaka kwanza.

Mdogo wangu alirudi dukani kubadilisha. Muuzaji akamwambia, "Mdogo wangu, Most Wanted ni Most Wanted." Basi anaicheza hivyo hivyo. Kwenye hiyo ya 2012 rangi ya gari huchagui, inabadilika yenyewe ukipita kituo cha mafuta, na jana amezunguka vituo jioni nzima akitafuta nyeusi.