Kioo cha mazoezi ya gofu: nimekitumia Unguja, haya ndiyo niliyoyaona

Kwa mipira mifupi ya kwenye grini, yaani sehemu ya nyasi fupi laini yenye shimo, kioo hiki nakipa alama za juu. Ni kipande cha plastiki ing'aayo chenye mistari na matundu ya kuchomeka vijiti. Unakilaza chini, mpira juu yake, unainama na fimbo mkononi, na papo hapo unajiona: macho yako wapi, mabega yameelekea wapi.

Kilichonifurahisha zaidi ni vile vijiti. Unachomeka viwili mbele ya mpira, ukiacha mlango unaouzidi mpira kidogo tu. Mpira ukipita bila kuvigusa, umeanza ulikotaka wewe. Anayeliona hilo dogo apige hesabu: shimo lina upana wa milimita 108, na ukiwa mita 3 kutoka shimoni, mpira ukianza kwa kupinda digrii 1 tu utafika pembeni sentimita 5 na ushei, yaani ukingoni kabisa. Na kinachoamua mpira uanze wapi, zaidi ya njia inayopita fimbo, ni uso wa fimbo pale unapogusa mpira.

Mimi hufanya mazoezi nyumbani baada ya Isha, juu ya zulia lisilo na manyoya. Macho nayaweka juu ya mstari, au ndani kidogo kuelekea miguuni, kisha mabega yanabembea na kichwa kinatulia. Nikenda uwanja wa Mangapwani, ule wa mashimo 9, mwili unajipanga wenyewe bila ya kioo. Mpira ulio mita 1 au 2 kutoka shimoni sasa naupiga bila wasiwasi, na raha yake sijui niielezeje!

Lakini kasi hakifundishi. Asubuhi grini ina umande, mpira unachoka njiani. Alasiri nyasi zimekauka, mpigo uleule unapitiliza shimo. Hilo dawa yake ni kufika uwanjani mapema ukapiga mipira ya masafa mbalimbali kabla ya mchezo.

Jua la mchana nalo likikipiga kioo linakuchoma macho, kwa hivyo tafuta kivuli. Mchanga wetu wa pwani unakikwaruza: kimwagie maji kwanza, ndipo ukifute kwa kitambaa laini. Ukinunua, chukua chenye mfuko wake na vijiti vya akiba, maana vijiti hupotea upesi nyasini.