Boksi la penseli 12: nyepesi safi, nzito zimeniangusha

Boksi hili, 4H hadi 6B (H ni ngumu na hupaka hafifu, B ni laini na hupaka nzito, HB iko katikati; namba ikipanda, sifa hiyo huzidi), nililinunua Kampala kwa shilingi 38,000 nikipeleka mzigo Kigali. Foleni ya Katuna, mpakani mwa Uganda na Rwanda, ikikwama, wenzangu hulala. Mimi naweka karatasi juu ya usukani nachora vilima vya Kabale na matuta yake.

Penseli ngumu ndizo zilizonifurahisha. Saa moja asubuhi ukungu bado umelalia mafunjo bondeni. Kilima cha mbali nakipaka 3H kwa mkono mlegevu, kinachofuata 2H, cha karibu HB, na hapohapo bonde linapata kina. Lakini usingoje saa sita. Huku tuko jirani na ikweta. Jua likishafika utosini matuta yote yanakuwa bapa kama chapati. Asubuhi kila tuta lina ukingo mweupe juu na kivuli chini yake.

Shida inaanza kwenye B. Nilichora mistari ya 4B na 5B sambamba nikamwuliza utingo wangu ipi nzito. Akakisia, akakosea. Ngumu na laini hutokana na grafaiti, ile nyeusi ya ndani, kuchanganywa na udongo wa mfinyanzi: udongo ukizidi, penseli hukaza na rangi hupauka. Basi hapa ama mchanganyiko ni mmoja, ama namba zimebandikwa tu. 6B nayo imekatikia ndani ya mti mara tatu. Muuzaji akasema najichongea vibaya! Nimeacha kichongeo, natumia wembe, angalau inadumu. Kwamba kivuli cha chini ya migomba kinang'aa kama sufuria ukiinamisha karatasi, hilo siilaumu kampuni. Grafaiti ikikandamizwa ndivyo ilivyo. Napaka tabaka tatu nyepesi badala ya kukandamiza.

Kijitabu cha bure kilichomo ndani kitupe. Ni laini kama risiti, penseli inateleza. Nilipata karatasi yenye mparuzo, nikaiburuza 4B kwa ubavu, vidoa vyeupe vikabaki vyenyewe: udongo uliolimwa, nyasi kavu, bila kuchora jani hata moja. Pale ndipo nilipoona nimekuwa nikilaumu mkono wangu bure.

Nyota tatu kati ya tano. 2H na 3H nikizipata rejareja nitanunua tena. Ile 5B nimempa utingo, anaandikia namba za kontena.