Uzoefu wangu: fluoksetini kwa mbwa anayeogopa kubaki peke yake

Mbwa wangu ametumia fluoksetini, dawa ya kupunguza wasiwasi, kwa zaidi ya mwaka sasa. Wanaoniuliza kama inasaidia huwa nawajibu kwamba inasaidia, ila usiitarajie kesho. Ningeipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imeliwa na wiki za mwanzo, na nitazieleza kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kuacha.

Popi ni mbwa wetu wa kienyeji, kilo 19, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Nilimchukua akiwa ameshakua, kutoka kwa familia iliyokuwa inahama Arusha. Mtu akiwepo nyumbani humsikii. Ukiondoka tu, anabweka mpaka sauti inakauka, anahema, mate yanamchuruzika mpaka sakafu inalowa. Mlango wa jikoni aliukwangua na kuutafuna hadi kucha zikatoka damu. Nilitega simu ya zamani juu ya kabati ili irekodi nikiwa kazini, na picha zile ndizo zilizonifanya niache kumwita mkorofi. Hakugusa viatu, hakugusa mito ya makochi. Kazi yake yote ilikuwa kwenye mlango niliotokea, na alianza kabla gari halijafika barabarani. Mbwa anayeharibu vitu kwa kukosa shughuli hachagui hivyo.

Daktari wa mifugo wa kwanza alinipa asepromazini, dawa ya kutuliza ambayo wengi hupewa mbwa anapokuwa mgumu kushikika. Sikuipenda. Mwili ulilegea, miguu ya nyuma ikawa haimbebi vizuri, lakini macho yalikuwa yale yale ya kuogopa, na geti likigongwa alishtuka kuliko kawaida. Baadaye nikaelewa kwa nini: dawa ile inalegeza mwili bila kuondoa hofu, na mbwa wengine huzidi kushtushwa na kelele wakiwa nayo. Wataalamu wa tabia za wanyama siku hizi hawaishauri itumike peke yake kwa mbwa mwenye hofu. Kama umeandikiwa hiyo na shida ya mbwa wako ni woga, uliza kama hakuna nyingine.

Daktari wa pili, dada mmoja aliyezoea zaidi ng'ombe na kuku kama wengi wao hapa, alianza kwa maswali. Popi amewahi kupata kifafa? Anakula nini? Kupe tunawadhibiti kwa dawa gani? (Swali hilo la kupe lilinishangaza, nitalirudia.) Alimkagua masikio na viungo, kwa sababu maumivu nayo hubadilisha tabia, kisha akachukua damu kuangalia ini na figo. Ndipo akanielezea fluoksetini. Ni dawa ile ile ambayo watu huandikiwa kwa sonona, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987 kwa jina la Prozac. Inazuia serotonini, kemikali ya ubongo inayogusa hisia, isifyonzwe haraka na seli za ubongo zilizoitoa, hivyo inabaki nyingi zaidi kati ya seli na seli. Toleo la mbwa, kidonge cha kutafuna kiitwacho Reconcile, liliidhinishwa huko mwaka 2007 kwa ajili ya hofu hii hii ya kuachwa, kwa masharti kwamba liende pamoja na mafunzo. Kuna na dawa nyingine ya hofu hiyo, klomipramini ya mbwa, Clomicalm, iliyotangulia mwaka 1998. Hizo za mbwa mimi sikuzipata mjini, kwa hiyo tukatumia kapsuli za binadamu. Kwa Reconcile dozi ni miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku. Popi akaangukia kwenye kapsuli moja ya miligramu 20, ambayo kwake ni upande wa chini wa kipimo hicho. Usichukue hesabu yangu ukampa wako. Mbwa wako hana ini la Popi.

Duka la dawa nalo lilikuwa na vichekesho vyake. Mfamasia alisoma cheti, akaniangalia kwa huruma, akauliza kwa sauti ya chini kama mgonjwa ni mimi. Nikamwambia mgonjwa ni mbwa. Akacheka, akapiga simu kwa daktari kuhakikisha, na kwenye bahasha ya dawa akaandika jina: Popi, miaka minne. Mama jirani aliposikia alisema, "Mbwa apewe dawa ya mawazo? Sisi wenyewe nani anatupa?" Tangu hapo ananiita Mama Popi, na sina kinyongo.

Sasa maudhi ya dawa. La kwanza na kubwa lilikuwa chakula. Popi ni mbwa aliyekuwa anamaliza ugali na utumbo kabla sijainua mkono kutoka kwenye bakuli. Siku chache tu baada ya kuanza alikuja, akanusa, akaondoka. Akakataa firigisi. Akakataa ini. Mbavu zikaanza kuonekana. Daktari aliniambia hilo ndilo moja ya mambo yanayojitokeza sana. Kwenye majaribio yaliyofanywa kabla ya Reconcile kuidhinishwa, zaidi ya mbwa mmoja kati ya wanne walipungukiwa hamu ya kula. Sambamba na hilo akawa mzito, analala mchana kutwa, anaitikia jina lake kwa kusogeza mkia badala ya kuja. Alitapika, akaharisha kidogo. Na jioni, ajabu, badala ya kulala alizunguka sebuleni anahema bila sababu. Nilikuwa nimetegemea dawa ya wasiwasi impunguzie wasiwasi; kwa kipindi hicho ilimwongezea.

Mtu asipoambiwa mapema kwamba hali hii hutokea na mara nyingi hupita, ataitupa dawa jalalani, na simlaumu. Kilichotusaidia ni kwamba daktari hakusema "vumilia" tu. Alishusha dozi, akatuandikia kapsuli za miligramu 10 kwa muda, kisha tukapanda tena taratibu. Dawa tukaipeleka asubuhi, pamoja na chakula, ili ule mzunguko wa kuhema usiingilie usiku. Chakula nikakipasha moto kidogo na kukimwagia supu ya mifupa isiyo na chumvi wala kitunguu, maana harufu ilimvuta kuliko ladha. Hamu ikarudi, si yote; hadi leo anakula kistaarabu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Nampima uzito mara kwa mara kwa kupanda mizani nimembeba, halafu napanda peke yangu na kutoa.

Kuna maudhi mengine ambayo sisi hatukuyapata lakini daktari alinitajia kwa uzito wake: kutetemeka, ukali wa ghafla, na kifafa. Mbwa aliyewahi kuanguka kifafa hafai kuanzishiwa dawa hii, na ndiyo maana swali lile lilikuja la kwanza. Kuhusu ukali, alinieleza kwamba wapo mbwa ambao woga ndio uliokuwa unawazuia kuuma. Ukiupunguza woga, breki nayo inalegea. Kama una watoto wadogo nyumbani na mbwa ambaye tayari anaunguruma, hilo si jambo la kulisoma haraka haraka.

Kutoa kapsuli kwenyewe hakukuwa shida. Naificha kwenye tonge la ugali lililochovywa mafuta ya dagaa. Wengi hutumia siagi ya karanga, nayo sawa, ila soma kopo: baadhi ya zile za kuagiza kutoka nje zina ksilitoli, sukari mbadala ambayo kwa mbwa ni sumu. Hushusha sukari ya mwili kwa kasi na inaweza kuua ini. Ksilitoli hiyo hiyo huwekwa kwenye baadhi ya dawa za maji za binadamu, kwa hiyo usibadilishe kapsuli kwa dawa ya maji bila kuuliza.

Turudi kwenye kupe. Huku kwetu mbwa wengi huogeshwa kwa dawa ile ile ya josho la ng'ombe, iliyopunguzwa kwa maji. Mara nyingi ni amitrazi. Ni rahisi, inapatikana kila duka la pembejeo, na kupe wanaanguka. Hata mimi ndiyo niliyokuwa nayo stoo. Tatizo ni kwamba amitrazi huzuia kimeng'enya kinachovunja serotonini mwilini, na fluoksetini nayo inaizuia serotonini isiondoke. Zikikutana kwenye mwili mmoja, serotonini inaweza kupanda hadi mbwa akatetemeka, joto likapanda, moyo ukaenda mbio, akafa. Si kuogesha tu: kuna kola za kupe zenye amitrazi pia. Inabidi zipite angalau wiki mbili tangu amitrazi ya mwisho ndipo fluoksetini ianze. Na ukiacha fluoksetini, kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu, husubiriwa wiki sita kabla ya kurudi kwenye amitrazi.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu sidhani kama mtu anayeandika maelezo ya dawa hii kutoka Ulaya analifikiria josho. Kwetu ndilo jambo la kwanza. Mlinzi wa nyumba au kijana wa shamba anaweza kumwogesha mbwa kwa nia njema ukiwa kazini. Nilimwonyesha kijana wetu chupa, nikaitoa stoo nikampa mfugaji wa ng'ombe. Kuacha tu kudhibiti kupe nako hakuwezekani, maana homa ya kupe inaua mbwa wengi hapa. Tukahamia matone ya fipronili ya mgongoni. Vidonge vya kutafuna vya kupe vya kundi la akina fluralana ni vizuri sana kwa kazi hiyo, lakini mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba vinaweza kuleta mitetemo na kifafa kwa baadhi ya mbwa, na daktari hakutaka kurundika vitu viwili vyenye hatari inayofanana. Tahadhari nyingine ni tramadoli, dawa ya maumivu isiyofaa kuchanganywa na fluoksetini. Mbwa akivunjika mguu ukampeleka kwa daktari mwingine, mtajie fluoksetini kabla hajachagua dawa ya maumivu.

Mabadiliko yalianza kuonekana mwezi wa pili tangu aanze dawa. Daktari alikuwa ameniambia wiki nne hadi nane, na ikawa hivyo. Sikuyaona kwa macho kwanza, niliyaona kwenye simu ya kabatini. Alibweka, akanyamaza, akabweka tena, akaenda kunywa maji. Kunywa maji! Hakuwahi kunywa tone nikiwa sipo. Hapo ndipo mafunzo yalipoanza kushika, yale yale niliyokuwa nimeyajaribu kabla ya dawa yakagonga mwamba. Nilikuwa nachukua funguo na kukaa nazo kwenye kochi bila kwenda popote, mpaka mlio wa funguo ukaacha kumtetemesha. Navaa viatu vya kazi, napika navyo. Natoka hadi getini, narudi kabla hajaanza. Halafu hadi dukani. Inachosha, na majirani watakuona umechanganyikiwa. Bila dawa hakuwa anasikia lolote kati ya hayo, na bila hayo nadhani dawa ingenipa mbwa aliyepungukiwa hamu ya kula tu.

Fluoksetini haikugusa radi. Mvua za masika zikianza kunguruma upande wa Meru, Popi bado anajibana nyuma ya choo. Kwa siku hizo, na kwa fataki za mkesha wa mwaka mpya, daktari alituongezea gabapentini ya kutoa saa mbili kabla. Hiyo inafanya kazi siku hiyo hiyo. Maudhi yake ni kuyumba. Anatembea kama aliyetoka kilabuni, na ngazi za nyuma tunazifungia asije akaporomoka. Kesho yake asubuhi anakuwa sawa. Shida ni kubahatisha radi itapiga saa ngapi, na huko Mamlaka ya Hali ya Hewa hainisaidii sana. Wakati mwingine nimempa bure, jua likawaka siku nzima na mbwa akalala hadi jioni.

Kuhusu gharama, kapsuli zenyewe si tatizo kwa mtu anayeweza kulisha mbwa. Vipimo vya damu ndivyo vinavyouma, na daktari anataka virudiwe kila mwaka. Tumeongelea kuacha. Haiachwi ghafla. Akiendelea hivi hadi mvua za vuli zipite, tutapunguza hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, huku simu ikiendelea kurekodi. Akirudia kuhema nikigusa funguo, tunarudi dozi ya leo, na daktari anasema wapo mbwa wanaobaki nayo maisha yao yote.